Kupanga mirathi mapema: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayojirudia kila familia inapokaa kuzungumzia wosia na mirathi. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo pale ambapo tofauti ni kubwa nimetaja nchi kwa jina. Kabla ya kutia saini chochote, mwone mwanasheria wa mahali mali ilipo.

## Mambo ya msingi

1. Kupanga mirathi ni kuandika wosia tu?

Hapana, ingawa wosia ndio unaosemwa zaidi. Kupanga mirathi ni kujibu maswali matano kwa maandishi. Una nini na unadaiwa nini? Nani apewe nini? Nani asimamie ugawaji? Nani awalee watoto wakiwa bado wadogo? Na nani akutilie saini ukiwa hai lakini hujitambui? Wosia unajibu matatu au manne kati ya hayo. Swali la mwisho haulijui kabisa, maana wosia huanza kufanya kazi ukishafariki (tazama swali la 14).

2. Sina mali ya maana. Wosia wa nini?

Mwenye mali nyingi akifa bila mpango, warithi wake wataumia lakini kitabaki kitu. Mwenye kiwanja kimoja na akiba ndogo benki, kesi moja tu ya ndugu inamaliza kila kitu kwenye ada za mawakili na nauli za mahakamani. Mali ndogo haihimili ugomvi.

Halafu kuna yasiyohusu mali. Ukiwa na mtoto mdogo, hata kama huna shilingi, swali la nani atamlea linakuhusu leo.

3. "Mapema" ni lini hasa?

Siku ambayo mtu wa kwanza anaanza kukutegemea, au siku ambayo kitu cha kwanza cha thamani kinaandikwa kwa jina lako. Umri hauna nafasi kubwa hapa.

Sababu ya haraka hiyo si kwamba kifo kiko karibu. Ni kwamba wosia hupingwa kwa hoja mbili kuu: kwamba mwenye wosia hakuwa na akili timamu alipoutia saini, na kwamba alishinikizwa. Wosia ulioandikwa na mtu mzima wa afya, anayekwenda kazini, mbele ya mashahidi wasio na maslahi, ni mgumu kuutikisa. Wosia uliotiwa saini wodini, mgonjwa akiwa kwenye dawa kali za maumivu, na chumbani yupo mtoto mmoja tu ambaye ndiye kapewa nyumba, huo unaalika kesi hata kama kila neno lake ni la haki. Wote wawili wangeweza kuandika maneno yale yale. Tofauti ni tarehe.

Lipo jambo jingine: aliyepanga mapema bado anaweza kuulizwa. Mtoto asipoelewa kwa nini kapewa shamba na mwenzake nyumba, anamfuata mzazi na kupata jibu. Maelezo ya dakika kumi kutoka kwa mtu aliye hai huzima mambo ambayo wosia wenye kurasa ishirini hauwezi kuyazima.

4. Nikifa bila wosia, serikali inachukua mali yangu?

Kwa kawaida hapana. Sheria ya kila nchi ina orodha yake ya warithi: mwenzi, watoto, wazazi, ndugu, na kuendelea. Serikali hufikiwa pale tu ambapo hakuna ndugu yeyote anayestahili.

Tatizo liko kwingine. Orodha hiyo haikujui wewe. Haimjui mtoto wa kambo uliyemlea tangu ana miaka miwili, wala mwenza mliyeishi naye bila ndoa katika nchi ambazo hazitambui uhusiano huo, wala binamu aliyekuuguza. Na kwa kuwa hukutaja msimamizi, warithi watalazimika kukubaliana juu yake au kuiachia mahakama.

Elimu na umaarufu havikingi. Abraham Lincoln alikuwa mwanasheria, na aliuawa mwaka 1865 bila kuacha wosia. Picasso alifariki mwaka 1973 bila wosia akiwa na maelfu ya kazi za sanaa na watoto wa mama tofauti. Mwanamuziki Prince alifariki Aprili 2016, pia bila wosia. Mirathi yake ilimalizika kugawanywa mwaka 2022.

5. Wazazi wangu wanaona kutaja wosia ni kuwatakia kifo. Nianzeje?

Usianze na mgawo. Swali la "Baba, nyumba hii atachukua nani?" linasikika kama umeshaanza kuhesabu. Swali la "Baba, hati ya nyumba iko wapi, isije ikapotea?" ni la mtoto anayejali mali ya mzazi wake. Kutoka hapo mazungumzo hujiendesha: hati iko kabatini, jina lililoandikwa ni la nani, kodi ya ardhi imelipwa mpaka lini.

Njia nyingine inayosaidia ni kuanza na wewe. Mwambie mama kwamba umeandika wosia wako, umemweka fulani kuwa mlezi wa watoto, na unaomba maoni yake. Wazee wengi wanaokataa kuzungumzia kifo chao wana maoni mengi sana juu ya mpango wako.

## Wosia wenyewe

6. Wosia unakuwa halali kwa masharti gani?

Katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza: mwenye wosia awe mtu mzima mwenye akili timamu, wosia uwe wa maandishi, autie saini, na mashahidi wasiopungua wawili washuhudie na kutia saini zao. Ufaransa ni kinyume kidogo. Kule wosia unaweza kusimama bila shahidi yeyote, mradi wote umeandikwa kwa mkono wa mwenyewe, una tarehe na saini. Ukiupiga chapa na kuutia saini peke yako nyumbani, hautimizi sharti hilo.

Ndiyo maana fomu uliyoipakua mtandaoni, iliyotungwa kwa sheria ya nchi nyingine, inaweza kuwa karatasi tupu kwako.

Wosia wa mdomo? Baadhi ya nchi huukubali kwa masharti makali. Kenya, kwa mfano, unahitaji mashahidi wawili au zaidi, na kwa raia wa kawaida unakuwa na nguvu tu iwapo mwenyewe atafariki ndani ya miezi 3 tangu autamke. Akiishi mwaka, maneno yale hayamo tena.

7. Nani awe shahidi?

Asiwe mrithi, wala mume au mke wa mrithi. Kwa sheria ya Uingereza ya wosia, ya mwaka 1837 na inayotumika hadi leo, mrithi aliyeshuhudia hupoteza alichoachiwa ingawa wosia wenyewe unabaki halali. Yaani unamwita mwanao aje kushuhudia kwa kuwa unamwamini, na kwa saini hiyo hiyo unamnyima.

Chagua watu wenye umri mdogo kuliko wako na wanaopatikana. Andika majina yao kamili na anwani. Saini yenye mkwaruzo bila jina haimsaidii mtu miaka ishirini baadaye.

8. Msimamizi wa mirathi awe mtoto mkubwa?

Si lazima, na mara nyingi si vizuri. Usimamizi ni kazi, si cheo. Msimamizi anafuata cheti cha kifo, anaorodhesha mali, anaandikia benki, anadai madeni ya marehemu na kulipa anayodaiwa, anamaliza mambo ya kodi, anagawa, kisha anatoa hesabu. Hana haki ya kula zaidi ya wengine kwa sababu ndiye msimamizi, jambo ambalo wasimamizi wengi hulisahau mwezi wa pili.

Tafuta mtu anayetunza risiti. Nasema hivyo bila utani. Kati ya watoto wako yupo ambaye michango ya familia ikipita kwake, analeta daftari bila kuulizwa. Huyo ndiye, hata kama ni kitinda mimba. Muulize kwanza kama atakubali, kisha taja na wa akiba, kwa sababu msimamizi naye anaweza kufa, kuhama au kuchoka. Kama watoto hawaivi chungu kimoja, mweke mtu wa nje: wakili, benki inayotoa huduma hiyo, au rafiki wa familia anayeheshimiwa na pande zote.

9. Nikishaandika, niuweke wapi?

Mahali pakavu, salama, na panapojulikana na msimamizi. Kwa wakili, mahakamani au kwenye ofisi ya serikali inayopokea wosia ikiwa nchi yako ina utaratibu huo. Sanduku la chuma ambalo wewe peke yako unajua namba yake si mahali pazuri. Watu wajue wosia upo na uko wapi. Si lazima wajue umesema nini.

Mahakama inataka nakala halisi. Na hapa pana jambo dogo linaloumiza watu: usitoe pini. Mtu anataka kutoa fotokopi, anang'oa pini zilizoshika kurasa, anazirudisha kwa pini mpya. Miaka kadhaa baadaye karani anaishika karatasi ile, anaona matundu manne pembeni badala ya mawili, na anauliza swali la haki kabisa: kuna ukurasa umeondolewa hapa? Inabidi mtu aape kueleza matundu. Toa nakala bila kuugusa mshono, na usibane barua nyingine juu yake kwa kibanio, kwani hata alama ya kutu huulizwa.

Mwanamuziki Aretha Franklin alifariki mwaka 2018, na familia ikaamini hakuacha wosia. Mwaka uliofuata zikapatikana nyumbani kwake karatasi za mwandiko wa mkono, nyingine kabatini, nyingine kwenye daftari chini ya mito ya kochi. Watoto wakavutana mahakamani juu ya ipi ifuatwe, hadi Julai 2023 baraza la mahakama huko Michigan lilipoamua kwamba ile ya kochini, ya mwaka 2014, ni wosia halali.

10. Wosia ubadilishwe lini?

Ukioa au kuolewa, ukiachana, akizaliwa mtoto, akifa mrithi au msimamizi, ukiuza kitu ulichokwisha kumwandikia mtu. Ndoa ina uzito wa pekee: Kenya na Uingereza, ndoa mpya hufuta wosia wa zamani, isipokuwa ule ulioandikwa kwa kutazamia ndoa hiyo.

Usikate jina kwa kalamu na kuandika jingine juu. Andika wosia mpya unaotamka kwamba unafuta yote iliyotangulia, wenye mashahidi wake, kisha uharibu ule wa zamani.

## Vitu vinavyopita kando ya wosia

11. Wosia wangu unasema bima iende kwa watoto. Inatosha?

Huenda haitoshi. Bima ya maisha, na mara nyingi pensheni, hulipwa kwa jina lililo kwenye fomu uliyojaza siku ya kujiunga. Wosia hauzifikii. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mfanyakazi aliyefariki muda mfupi baada ya talaka bila kubadilisha fomu kazini kwake. Fedha zilikwenda kwa mke wa zamani. Watoto wake wa ndoa ya kwanza waliodai fedha hizo wakashindwa.

Kwa hiyo chukua siku moja uulize kila mahali: kazini, kwenye bima, kwenye mfuko wa pensheni, kwenye chama cha akiba. "Jina lililopo ni la nani?" Wengi hukuta la mama yao, waliloliandika wakiwa na miaka ishirini na mbili.

Nyumba au akaunti ya majina mawili nayo inaweza kupita kando. Kuna umiliki wa pamoja ambao aliyebaki hai huchukua yote, na kuna ule ambao kila mmoja ana fungu lake analoweza kulirithisha. Hati ndiyo husema ni upi. Isome.

12. Si rahisi zaidi nimpe mtoto nyumba sasa hivi, yaishe?

Inawezekana, na wengine hufanya hivyo vizuri. Ila jua unachokubali. Nyumba ikishakuwa ya mtoto ni ya mtoto: akidaiwa, wadai wake wanaifuata, akiachana na mwenzi wake, huenda ikaingia kwenye mgawanyo, akitangulia kufa, inakwenda kwa warithi wake, na wewe unaishi humo kwa hisani yao. Kodi nayo haikimbiwi kwa urahisi hivyo. Uingereza, zawadi inaweza kuhesabiwa kwenye kodi ya mirathi ukifariki ndani ya miaka 7 tangu uitoe, na ukiendelea kukaa bure kwenye nyumba uliyoitoa, inaweza kuhesabiwa kuwa bado yako.

Kama lengo ni kumsaidia mtoto leo, mpe kile ambacho hata kikipotea chote hutalala nje.

13. Madeni yangu yatawaangukia watoto?

Katika nchi za mfumo wa Kiingereza, madeni hulipwa kutoka kwenye mali ya marehemu kabla ya mgawo, na mali ikiisha, basi. Mtoto halipi mfukoni mwake isipokuwa alijiandikisha kuwa mdhamini au mkopaji mwenza. Ujerumani ni tofauti: mrithi hurithi na madeni, na kwa kawaida ana wiki 6 tu tangu ajue kuwa ni mrithi za kuukataa urithi mbele ya mahakama, au miezi 6 kama yuko nje ya nchi. Watoto wasiojua baba anadaiwa na nani hawawezi kuamua kwa busara ndani ya wiki 6, kwa hiyo orodha ya madeni iwe kwenye bahasha moja na wosia. Usisahau na unaowadai wewe.

## Ukiwa hai lakini hujiwezi

14. Nimempa binti yangu hati ya uwakili. Si imetosha?

Soma maneno yake. Katika nchi nyingi hati ya uwakili ya kawaida, yaani ile inayomruhusu mtu kutenda kwa niaba yako, hukoma pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuamua, yaani siku ile ile unapoihitaji. Inayodumu baada ya hapo ni ya aina nyingine, yenye taratibu zake za kuandikwa na wakati mwingine kusajiliwa, na lazima uitoe ukiwa bado na akili timamu. Baada ya kiharusi kikali au dalili za ugonjwa wa usahaulifu kusonga mbele, mlango huo umefungwa na kinachobaki ni familia kwenda mahakamani kuomba usimamizi.

Zote hukoma kwa kifo. Kutoa pesa kwa kadi ya marehemu kwa sababu "namba ya siri alinipa mwenyewe" kunaweza kukufikisha polisi, hata kama pesa zilikuwa za jeneza.

## Watoto, ndoa na dini

15. Watoto wakiwa wadogo, niandike nini?

Mlezi, na mtunza fedha, na si lazima wawe mtu mmoja. Dada yako anaweza kuwa na moyo wa kuwalea na asiwe na mkono wa kutunza pesa. Mtoto hapewi urithi mkononi. Kuna atakayeushika mpaka afikie umri unaotajwa. Unaweza kuweka mali chini ya wadhamini, yaani watu wanaoishika kwa niaba ya mtoto, na kusema ada ya shule ilipwe kutoka humo, na kinachobaki akabidhiwe akifika, tuseme, miaka 25.

16. Nina mke wa pili na watoto wa ndoa ya kwanza. Nani apewe nyumba?

Hakuna swali linalozaa kesi nyingi kuliko hili. "Mke wangu atawaangalia watoto wangu" ni matumaini; sheria haina namna ya kuyatekeleza. Suluhisho moja linalotumika ni kumwachia mjane haki ya kuishi nyumbani maisha yake yote, kisha nyumba iende kwa watoto. Andika pia nani atalipia paa likivuja, na nini kitatokea akiolewa tena. Na waambie wote ukiwa hai.

17. Naweza kumnyima mtoto mmoja?

Ufaransa huwezi kumnyima kabisa. Sheria huwatengea watoto fungu lisiloguswa: nusu ya mali akiwa mtoto mmoja, theluthi mbili wakiwa wawili, robo tatu wakiwa watatu au zaidi. Uingereza na Kenya una uhuru mkubwa zaidi, lakini mtu uliyekuwa ukimhudumia anaweza kuomba mahakama impe fungu la kumtosha. Ukiamua hivyo, eleza sababu kwa utulivu kwenye karatasi ya pembeni. Matusi ndani ya wosia huwa ushahidi dhidi yako.

18. Sisi ni Waislamu, mafungu yapo kwenye Qurani. Wosia tuuandike wa nini?

Mafungu yapo, ndiyo: mke, kwa mfano, hupata thumni mume akiacha watoto, na robo asipoacha. Lakini kabla ya mafungu kuna gharama za maziko, madeni, kisha wasia. Nani atajua madeni na amana za watu ulizoshika kama hujaziandika? Wasia huruhusiwa kufikia theluthi, kwa wasiokuwa warithi: mtoto uliyemlea, ndugu asiyerithi, msikiti au kisima. Mtume alimwambia Saad bin Abi Waqqas kwamba theluthi nayo ni nyingi.

Na ukiishi katika nchi ambayo sheria yake ya kawaida haifuati faraidh, yaani mgawo huo wa Kiislamu, usipoandika, mali yako itagawanywa kwa sheria hiyo. Mwone mwanasheria anayezijua zote mbili.

## Visa vya pembeni

19. Nina mali katika nchi mbili.

Kanuni pana ni kwamba ardhi hufuata sheria ya mahali ilipo. Katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya, kwa vifo vya kuanzia tarehe 17 Agosti 2015, mirathi yote hufuata sheria ya nchi ulikokuwa ukiishi kwa kawaida, ila unaweza kutamka kwenye wosia kwamba unachagua sheria ya uraia wako. Wengine huandika wosia mbili, mmoja kwa kila nchi. Hapo chunga ile sentensi ya "nafuta wosia zote zilizotangulia" (swali la 10), maana wa pili unaweza kuufuta wa kwanza bila wewe kukusudia.

20. Simu, barua pepe, picha?

Google ina mpangilio wa akaunti iliyoacha kutumika, Facebook na Apple wana nafasi ya kumteua wa kushika akaunti baada yako. Weka leo, ni kazi ya dakika chache. Usiandike nywila ndani ya wosia, kwa kuwa katika nchi nyingi wosia ukishathibitishwa unasomwa na yeyote. Sarafu za kidijitali ulizozihifadhi mwenyewe zina ukali wake: funguo zikipotea, hakuna benki ya kuandikiwa barua.

21. Hati ya shamba bado ina jina la babu, na baba naye ameshafariki. Tufanyeje?

Hamwezi kuruka. Mirathi ya babu ndiyo inayofunguliwa kwanza, shamba liende kwa warithi wake, na fungu la baba liingie kwenye mirathi ya baba, ndipo lije kwenu. Kama babu aliacha watoto sita na wanne wameshafariki, kila mmoja wa hao wanne ana mirathi yake, na saini zinazotakiwa zinaweza kufika thelathini, za watu ambao wengine hawajawahi kuonana.

Anzeni na cheti cha kifo cha babu. Kama hakikuwahi kutolewa, ulizeni utaratibu wa kusajili kifo kilichochelewa, na mchukue maelezo ya kiapo ya wazee waliokuwepo mazikoni wangali na kumbukumbu. Kisha choreni ukoo wote kwenye karatasi moja, wake wote na watoto wote, pamoja na wale wasiotajwa kwenye vikao. Aliyeachwa nje ya karatasi hiyo ana haki ya kwenda mahakamani kuomba mgawo ufutwe hata baada ya hati mpya kutoka.